Cheti cha Ubuntu na laptopu za mtumba: kilichopimwa ni kipi?

"Mimi ni mwalimu wa kompyuta katika shule ya sekondari mkoani Morogoro. Bodi imenipa kazi ya kununua laptopu 20 za mtumba kwa ajili ya maabara. Tulizonazo ni za Windows 10 ambayo muda wake umekwisha, kwa hiyo tumekubaliana tuweke Ubuntu 24.04, mfumo endeshi wa bure. Nimezunguka Kariakoo. Duka la kwanza lina Lenovo ThinkPad T480 kwa laki sita na nusu. Muuzaji anasema hizo 'zimethibitishwa na Ubuntu', ndiyo maana bei imesimama. Duka la pili lina HP EliteBook 840 G3 kwa laki nne. Fundi wetu anasema G3 haimo kwenye orodha ya 24.04, kwa hiyo Ubuntu itagoma kuingia, au itaingia halafu siku moja sasisho litaifunga. Tofauti ni milioni tano kwa mashine 20, na hizo milioni tano ndizo meza na nyaya za umeme. Je, cheti hicho ni cha lazima? Na nikinunua yenye cheti, nina hakika kila kitu kitafanya kazi?"

Mwalimu, salaam. Umeuliza mawili, lakini hofu naiona ni moja: kutoa fedha za wazazi, kurudi Morogoro na maboksi 20, halafu Jumatatu asubuhi mbele ya darasa zima laptopu haioni waifai. Hofu hiyo ni ya haki. Nikujibu kwanza kwa mkato, kisha nieleze kwa nini. Cheti si cha lazima. Na ukinunua yenye cheti, huna hakika kwamba kila kitu kitafanya kazi, hasa ukinunua mtumba. Fundi wenu kachanganya vitu viwili, na muuzaji wako anauza neno ambalo pengine lilikuwa kweli kwa mashine nyingine kabisa.

Nianze na la fundi, maana ndilo linalokunyima usingizi. Anachokisema kipo, ila ni cha nyumba ya jirani. Windows 11 ndiyo yenye tabia ya kukagua mashine mlangoni: inataka chipu ya usalama inayoitwa TPM 2.0, inataka Secure Boot, yaani ukaguzi wa mfumo wakati mashine inawaka, na upande wa Intel inataka prosesa ya kizazi cha 8 au zaidi. Programu ya kuiweka ikikuta kimoja hakipo, inakataa. Kwa sababu hiyo, Windows 10 ilipofika mwisho wa msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, laptopu nyingi nzima kabisa zilijikuta hazina pa kwenda, na kwa sababu hiyo hiyo 840 G3, ambayo prosesa yake ni ya kizazi cha 6, inauzwa laki nne leo. Hayo yanaitwa mahitaji ya chini. Ni masharti, na kuna programu inayoyasimamia.

Cheti ni ushahidi. Kinasema kwamba kuna mtu alikaa na mashine ya aina hii, akaipima kwa toleo hili la mfumo, akaridhika. Ubuntu inapoingia kwenye laptopu haiendi popote kuuliza kama laptopu hiyo ina cheti. Haina hata njia ya kuuliza. Na hakuna sasisho lolote linaloifunga mashine kwa kukosa cheti. Sasisho linaweza kuharibu kitu, ndiyo, nitalifikia hilo, lakini litaharibu kwa bahati mbaya, kama mvua inavyoharibu barabara, bila kuangalia nyumba ya nani iko kando.

Sasa cheti chenyewe kinapatikanaje? Canonical, kampuni iliyo nyuma ya Ubuntu, ina maabara za kupimia. Mtengenezaji, tuseme Lenovo, Dell au HP, anapeleka mashine ya modeli fulani. Wapimaji wanaiwekea Ubuntu na kuendesha mfululizo wa vipimo kwa programu iitwayo Checkbox. Vipimo vingine vinajiendesha vyenyewe, vingine vinamtaka mtu: sauti imetoka au haikutoka, kamera inaonyesha uso au giza, waifai inashika mtandao na kuushikilia, skrini ya nje inapokea picha, laptopu ikilala inaamka. Hilo la kulala na kuamka hawalifanyi mara moja. Kuna kipimo cha kuilaza na kuiamsha mara 30 mfululizo, kwa sababu laptopu nyingi huamka vizuri mara ya kwanza, zikaja kuzima kioo mara ya kumi na saba. Mashine ikifaulu, inaingia kwenye orodha ya wazi ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma.

Faida kubwa ya cheti inakuja baada ya hapo, na wauzaji huwa hawaitaji. Mashine zilizothibitishwa zinabaki maabara. Kerneli mpya, yaani kiini cha mfumo, inapotayarishwa kwa toleo lile, inapimwa juu ya mashine hizo kabla ya kusambazwa kwa watu. Kwa hiyo sasisho likitaka kuua waifai ya modeli yako, kuna uwezekano mzuri kwamba litaiua kwanza kule kwao, wakalizuia. Mashine isiyo na cheti haina mlinzi huyo. Ukiniuliza tofauti halisi kati ya laptopu zako mbili ni ipi kwa upande wa cheti, nitakujibu ni hiyo tu, na hata hiyo inategemea T480 ina cheti cha toleo gani.

Maana cheti kina mipaka, na mipaka yenyewe imeandikwa kwenye ukurasa ule ule wa orodha. Kwanza, ni cha toleo moja moja, na ni matoleo ya muda mrefu tu, yale yanayotoka Aprili kila baada ya miaka miwili: 18.04, 20.04, 22.04, 24.04. Laptopu iliyotoka 2018 mara nyingi ilipimwa kwa toleo la enzi zake. Muuzaji anayesema "imethibitishwa" hajakudanganya, ila hajasema imethibitishwa kwa lipi. Pili, baadhi ya mashine zilipimwa zikiwa na Ubuntu iliyowekwa kiwandani, yenye viraka vyake maalumu, na ukurasa unaeleza kwamba Ubuntu ya kawaida, ile utakayopakua wewe, huenda isifanye vizuri vile vile. Tatu, si kila kipimo kina uzito sawa. Kuna kinachozuia cheti kikifeli, na kuna kinachoandikwa tu, mambo yakaendelea.

Mfano mzuri uko mikononi mwako. T480 nyingi zina kisomaji cha alama za vidole, kile kiduara au kimraba karibu na kibodi. Ukikiuliza namba yake kinajitaja 06cb:009a. Ubuntu haina draiva rasmi, yaani programu ya kukiendesha kifaa, ya namba hiyo. Wapo watu waliojitolea kuandika yao na inafanya kazi ukiihangaikia, lakini haiji na mfumo. Laptopu inaweza kuwa na sifa njema mtaani kwote kwa Ubuntu, na kisomaji kile kikabaki pambo. Kwa maabara ya shule si hasara, sidhani kama unataka Kidato cha Pili wafungue mashine kwa vidole.

La nne ndilo linalowauma wanunuzi wa mtumba. Ili ulielewe, nikueleze kinachotokea ndani Ubuntu inapoikuta laptopu kwa mara ya kwanza.

Mfumo hauoni jina lililoandikwa mgongoni. Haujui ThinkPad wala EliteBook. Unaona vipande: kadi ya waifai, chipu ya sauti, chipu ya picha, kamera. Kila kipande kina kitambulisho cha namba mbili, moja ya kampuni na moja ya kipande chenyewe. Kadi ya waifai ya Intel inayokuja ndani ya T480 nyingi inajitaja 8086:24fd. Hiyo 8086 ni Intel yenyewe. Walijipa namba ya prosesa yao ya 1978, utani wa wahandisi uliobaki hadi leo. Hiyo 24fd ni kadi. Kerneli ina daftari kubwa: namba hii, draiva hii. Inapokuta 8086:24fd inaita draiva iitwayo iwlwifi, na draiva nayo inaitafuta programu ndogo ya kuingizwa ndani ya kadi, faili liitwalo iwlwifi-8265-36.ucode, ambalo tayari limo ndani ya Ubuntu. Vikipatana vitatu hivyo, namba, draiva na faili, taa ya waifai inawaka. Kikikosekana kimoja, kimya. Hakuna ujumbe, hakuna malalamiko, orodha ya mitandao haina kitu.

Hapo Windows na Ubuntu zinatofautiana kabisa. Kwa Windows, draiva zinatengenezwa na mwenye kifaa, na Microsoft ina mpango wake wa kuthibitisha vifaa na kutia draiva saini. Tangu toleo la 1607 la Windows 10, mwaka 2016, draiva mpya ya ndani kabisa ya mfumo isiyo na saini ya Microsoft haipakiwi kirahisi. Cheti kule kina meno. Kwa Ubuntu draiva nyingi zimo ndani ya kerneli tangu mwanzo, kwa hiyo swali la maana si kama modeli hii ina cheti. Swali ni kama namba za vipande vyake zimo kwenye daftari.

Na vipande hubadilika. Hata kiwandani modeli moja hutoka na kadi tofauti kulingana na agizo la mteja. Cheti hutaja vipande vilivyokuwemo kwenye mashine iliyopimwa. Mtumba ndio usiseme. Laptopu yako ilikaa ofisini Ulaya miaka minne, ikaingia kwenye kontena, ikapitia mikono ya watu watatu, kila mmoja ana bisibisi. Kadi nzuri inatolewa, inawekwa yoyote iliyopo karibu. Kioo kinabadilishwa. Ikifika kwako, mgongoni imeandikwa T480, lakini ndani ni ukoo mchanganyiko.

Yalinikuta. Miaka kadhaa iliyopita niliagiziwa kununulia ofisi moja laptopu 12 za modeli moja, zenye sifa njema kwenye orodha. Nikapima moja dukani, ikapita vizuri, nikalipa zote. Tulipofika ofisini, tisa ziliwaka bila neno. Tatu hazikuona waifai. Nikadhani ni swichi, nikadhani ni BIOS, ile programu ya ndani inayoiwasha mashine, nikapoteza alasiri nzima. Jioni nikageuza moja, nikafungua skrubu, nikakuta kadi ya kampuni nyingine kabisa, na juu yake kibandiko kilichoanza kung'oka. Draiva yake haikuwemo kwenye kerneli ya toleo lile. Duka lilikataa kuzipokea, likasema laptopu "zinawaka". Kweli zilikuwa zinawaka. Nilinunua kadi tatu kwa fedha yangu, na tangu siku hiyo siku zote napima moja moja.

Sasa tugeuke upande wa pili: G3 kutokuwemo kwenye orodha ya 24.04 kuna maana gani? Kuna maana kwamba hakuna aliyeipeleka kupimwa kwa 24.04. Basi. Kuthibitisha ni kazi ya kibiashara baina ya Canonical na watengenezaji, na hakuna mtengenezaji anayeweka bajeti ya kupima laptopu ya 2016 kwa mfumo wa 2024, maana haiuzi tena. Wanapeleka wanazouza. Juni 2020, kwa mfano, Lenovo walitangaza kuthibitisha familia nzima ya mashine zao za kazi nzito, ThinkStation na ThinkPad P, kwa Ubuntu na kwa Red Hat, mfumo mwingine wa ukoo wa Ubuntu. Zilikuwa bidhaa za dukani wakati huo. Laptopu ya zamani haina mtu wa kuisemea.

Na kwa Linux, ule ukoo wa mifumo ambamo Ubuntu imo, uzee mara nyingi ni sifa. Draiva ikishaingia kwenye kerneli hukaa humo miaka mingi. Kadi ya waifai ya Intel 8260, inayopatikana kwenye 840 G3 nyingi na kujitaja 8086:24f3, inaendeshwa na iwlwifi ile ile niliyoitaja juu. Mgonjwa wa Linux kwa kawaida ni laptopu mpya iliyotoka mwezi uliopita, yenye chipu ambayo namba yake bado haijaandikwa daftarini. Chipu ya waifai ya Realtek RTL8821CE ilikuwa hivyo: Ubuntu 20.04 ilipotoka, kerneli yake ya awali haikuwa na draiva yake, watu wakahangaika kuijenga kwa mikono. Kerneli za baadaye zikaja nayo. Kifaa ni kile kile, kilichobadilika ni daftari.

Kwa hiyo, Mwalimu, kwa upande wa Ubuntu pekee zote mbili zitaingia, na ningeshangaa sana moja wapo ikigoma. Lakini usinunue G3 kwa sababu hiyo peke yake, kwani milioni tano zina sura mbili. T480 yenye prosesa ya i5-8250U au i5-8350U ina viini vinne. G3 ya i5-6200U au i5-6300U ina viwili. Mwanafunzi anayeandika barua kwenye LibreOffice, programu za ofisi za bure, hataona tofauti. Anayefungua kurasa kumi za intaneti huku anaandika msimbo ataiona. Halafu kuna suala la kurudi nyuma: kesho bodi ikibadili mawazo, au wakaguzi wakataka Windows, T480 ya kizazi cha 8 inapokea Windows 11 kihalali, G3 haipokei. Hiyo ni thamani ya kweli, na nadhani ndiyo inayosimamisha bei ya T480, cheti ni pambo la mazungumzo. Chukua namba ya prosesa kwa macho yako mwenyewe; usikubali "ni i5" peke yake.

Ingekuwa maabara yangu, na umeme wa Morogoro naujua, ningetazama kwanza betri na RAM kabla ya kubishana juu ya modeli. Mashine yenye RAM ya GB 4 itaendesha Ubuntu 24.04 kwa kulalamika. GB 8 ndiyo raha. Zote mbili zina nafasi mbili za RAM zinazofunguka, kwa hiyo unaweza kuongeza. G3 20 zenye GB 8 na SSD, fedha za meza zikabaki, ni maabara bora kuliko T480 20 zinazokaa sakafuni. Lakini ukiweza kumshusha muuzaji wa T480 hadi laki tano na kitu, na kwa mashine 20 una nguvu ya kumshusha, mimi ningekwenda nayo.

Uamuzi wowote utakaouchukua, cheti chako utakitengeneza mwenyewe dukani. Nenda na flashi ya GB 16 yenye Ubuntu 24.04. Pakua faili kutoka tovuti ya Ubuntu, liandike kwenye flashi kwa programu kama Rufus au balenaEtcher. Kunakili tu hakutoshi. Nenda asubuhi, duka likiwa halijajaa, na mwambie muuzaji mapema kwamba utapima zote. Anayekataa kupimwa ameshakujibu.

Chomeka flashi, washa. Kwenye ThinkPad bonyeza F12 upate orodha ya kuwashia, kwenye HP bonyeza F9. Chagua flashi, halafu chagua kujaribu Ubuntu bila kuiweka. Haigusi kilichomo kwenye diski. Ikikaa sawa, washa hotspoti ya simu yako uone kama laptopu inaiona na kuingia. Fungua video fupi: hapo umepima waifai, sauti na picha kwa mpigo. Chomeka earphone, usikie kama sauti inahama. Fungua kamera. Pita kila herufi ya kibodi, na usisahau zile za pembeni, mtumba hufia pembeni. Chomeka waya wa HDMI kwenye runinga ya dukani (G3 haina HDMI, ina VGA na DisplayPort, kwa hiyo beba waya au adapta yake), maana projekta ndiyo mwalimu msaidizi wako. Kisha funga kifuniko, hesabu dakika mbili huku unapima nyingine, fungua. Ikirudi na picha na waifai, rudia mara tatu. Wapimaji wa Canonical wanafanya 30 kwa mashine moja, wewe tatu kwa 20 zinatosha.

Mwisho bonyeza Ctrl, Alt na T kwa pamoja. Dirisha jeusi litafunguka. Andika lspci -nn, gonga Enter. Tafuta mstari wenye maneno Network controller, na mwisho wake usome namba. Zinazoanza na 8086 ni Intel, hizo endelea. Zinazoanza na 14e4 ni Broadcom, na hapo simama: baadhi ya kadi zao zinahitaji draiva ambayo haimo kwenye kerneli, na inakuwa hadithi ya kuku na yai, unahitaji intaneti ili upate draiva ya intaneti. Ukijikuta na moja ya hizo, unganisha simu kwa waya wa USB na uwashe kushiriki intaneti. Ubuntu itaiona simu kama waya wa mtandao na utapakua kinachotakiwa. Ila kwa mashine 20 usijitafutie kazi hiyo, mwambie akubadilishie. Ukikuta mstari wenye namba inayoanza na 10de, hiyo ni kadi ya picha ya NVIDIA. Baadhi ya T480 zinayo. Inafanya kazi, lakini draiva yake ina taratibu zaidi, hasa Secure Boot ikiwa imewashwa, na maabara ya shule haiihitaji. Chagua zisizo nayo.

Piga picha ya skrini hiyo kwa simu, kila mashine, na uandike namba yake ya kiwandani (serial number) kando. Picha 20. Mashine ikibadilishwa kati ya kupima na kufunga boksi, utajua.

Kuna mambo ambayo hakuna cheti cha duniani kinachoyagusa, na kwa mtumba ndiyo yanayoua zaidi. La kwanza ni nywila ya BIOS. Laptopu zilizotoka kwenye makampuni makubwa mara nyingine huja zimefungwa huko chini kabisa. Washa kwa F1 kwenye ThinkPad au F10 kwenye HP. Ikikudai nywila usiyopewa, iache hapo hapo. Kuondoa betri ndogo ya ubaoni hakufungui ThinkPad, yeyote akuambiaye hivyo ana kumbukumbu za kompyuta za mezani za zamani. La pili ni betri. T480 huwa na mbili, moja ndani na moja inayochomolewa. Angalia zote mbili zinavyopokea chaji, na ukiona sehemu ya kuwekea mikono imeinuka kama mandazi, hiyo ni betri iliyovimba. Usiichome, usiibonyeze. La tatu linahusu T480 hasa: fimwea ya awali, yaani programu ya ndani, ya kidhibiti cha Thunderbolt kinachoendesha mlango wa USB-C ilikuwa na hitilafu inayoweza kuharibu kazi ya mlango wa USB-C, na Lenovo walitoa sasisho la kuiponya. Chomeka chaja ya USB-C kwenye milango yote miwili, na kama Windows bado imo ndani, weka sasisho hilo kabla ya kuifuta, ni rahisi zaidi.

Juu ya masomo yenyewe nitasema kidogo, kwa kuwa hukuuliza. Vitabu vingi vya kompyuta mashuleni vimejaa picha za Word na Excel. LibreOffice inafundisha mambo yale yale, lakini vitufe haviko mahali pale pale. Kabla hamjafuta Windows kwenye mashine zote, zungumza na wenzako wa somo. Kubakiza mashine mbili tatu kwa ajili ya mazoezi ya mtihani si aibu.

Cheti kinakuwa cha lazima lini, basi? Unapolipia msaada. Hospitali, benki au chuo kinachoendesha seva kwa Red Hat Enterprise Linux au SUSE, Linux nyingine ya makampuni, kwa mkataba kinataka simu ipokelewe saa nane za usiku seva ikianguka. Mtoa huduma naye anataka kujua kwamba mashine hiyo imo kwenye orodha yake, la sivyo jambo la kwanza atakalokwambia ni kwamba hawezi kukuhakikishia. Shule ikifika siku ya kununua seva ya matokeo na taarifa za wanafunzi, hapo usiende Kariakoo na flashi. Keti na mtu anayeifanya kazi hiyo, soma naye orodha, vipande kwa vipande, kadi ya diski na kadi ya mtandao hasa.

Kwa maabara hii ya sasa, utamhitaji fundi ana kwa ana katika mambo matatu tu: betri iliyovimba, mashine inayozimika ikipata moto, na mlango wa chaji uliolegea. Hayo hayatibiki kwa maandishi. Na mpe fundi wenu nafasi, hakukosea sana. Alichukua sheria ya Windows akaivalisha Ubuntu. Nenda naye dukani, mmoja apime, mwingine apige picha.

Anza kwa kununua moja, si 20. Irudishe shuleni, itumike wiki nzima na wanafunzi, kwa projekta yenu, kwa printa yenu, kwa router yenu. Ukikwama kwenye namba usiyoielewa, niandikie zile tarakimu nane tu zilizotenganishwa na nukta mbili. Jina la laptopu si lazima.